Mjane wa Jiwe la Nne

Kama umeketi kwenye benchi la hospitali ukisubiri kuitwa jina, na ugonjwa wako ni huu niliougua mimi, haya nimekuandikia wewe. Sijui habari za seli wala za damu nyeupe. Hizo atakueleza daktari, na usipoelewa mwulize tena, ndiyo kazi yake. Mimi ni fundi cherehani wa Mkolani, nashona sare za shule. Najua kinywa kinavyokuwa siku ya nne baada ya dripu, najua namna ya kulala ubavu mmoja miezi mitatu, na najua uongo nilioutunga mlimani, ambao nusura uniondoe duniani. Nitaanza na titi ili tumalizane nalo.

Uvimbe niliugusa wakati wa Krismasi. Nilikuwa najipima blauzi mpya niliyojishonea, nikahisi kitu kigumu upande wa kushoto, nikadhani ni pini nimeisahau kwenye kitambaa. Nilivua blauzi nikaikung'uta. Pini haikuanguka. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza nilikuwa na bandeji kuanzia kwapani hadi katikati ya kifua, na mpira wa kutolea maji unaning'inia kiunoni. Daktari alisema nitapewa dripu sita za dawa, moja kila baada ya wiki tatu, halafu mionzi. Alisema sita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mama anayeagiza sare za watoto wake.

Mume wangu Makoye ni Msukuma wa Magu, fundi wa mizani. Mizani ya samaki, ya mchele, ya pamba, yote inayodanganya inaletwa kwake naye anaitoa ikisema kweli. Ni mtu wa maneno machache, na ugonjwa wangu ulimnyang'anya hata hayo machache. Sitaki umwone vibaya. Alifua mashuka yangu, alijifunza kukoroga uji wa ulezi usio na mabonge, alinishika kiuno nilipotapika. Lakini hakuniuliza neno, na nilipobadilisha bandeji alitoka nje kwenda kuangalia kuku, na sisi tuna kuku watatu tu. Badala ya kuongea, alinipima. Kila Jumapili tukitoka ibadani alinisimamisha kwenye mizani kubwa pale barazani, akaandika namba kwenye kalenda ya ukutani. Sitini na tisa. Sitini na sita. Ilipofika sitini na mbili aliacha kuisoma kwa sauti, akawa anaandika tu.

Dripu zangu zilikuwa Jumatano. Unafika saa moja asubuhi, unapanga kadi yako chini ya kadi za wenzako, unakaa. Benchi lile ni refu, limepakwa rangi ya kijivu, na limechimbika katikati kwa wingi wa waliokaa kabla yetu. Hapo ndipo nilipompata Mama Sayi, mkulima wa viazi kutoka Misungwi, ambaye naye alikatwa titi, la kulia. Alisema tukisimama pamoja tunatosha kuwa mtu mmoja mzima, akacheka mwenyewe. Alinimiminia nusu ya uji wake kwenye kifuniko cha chupa. Alinifundisha kununua barafu getini na kuzimumunya dawa inapoingia, na kweli vidonda vya mdomo vilipungua. Nikienda msalani alitandaza kanga yake kwenye nafasi yangu mtu asiikalie.

Baada ya dripu ya pili nywele zilianza kubaki kwenye mto. Sisi Wahaya tunasemwa kwa majivuno, na mimi sikatai, nilizipenda nywele zangu. Sikutaka kuziona zikiondoka moja moja, nikaenda kwa kinyozi kabla ya mwisho wa wiki. Yule kaka aliwasha mashine, akaniuliza kwa upole ni nani amefariki. Ndivyo ilivyo kwetu. Mwanamke akinyoa kipara, watu wanajua kuna kaburi jipya mahali. Nikamwambia hakuna aliyefariki, akanipa pole hata hivyo, na nikaona kwamba hakuniamini.

Muuguzi wa pale kliniki, mama mmoja mkali mwenye mikono laini, ndiye aliyeniambia nitembee. Siyo kutembea sokoni, alisema, tembea kwenye mwinuko, kidogo kidogo, mkono wa kushoto ukiuzungusha, la sivyo utavimba. Mwinuko upo mlangoni kwetu. Nyuma ya Mkolani kuna safu ya vilima iliyofanywa hifadhi, na ndani yake kuna njia ya duara: unaingia getini, unapanda mgongo wa vilima, unapita juu kwa juu, unashukia upande wa pili hadi getini palepale. Njiani kuna mawe tisa makubwa yaliyoandikwa namba kwa rangi nyeupe. La tano liko kileleni. Miaka kumi na minne nimeishi chini ya vilima vile na sikuwahi kupanda, kwa sababu sina shamba huko juu wala ng'ombe, na sikuona kwa nini mtu mwenye akili zake apande mlima ili ashuke.

Getini kuna askari wa hifadhi, Mzee Luhende, na kitabu chake. Unaandika jina, saa ya kuingia, na ukirudi unaandika saa ya kutoka. Mwisho kuna safu ya maoni. Nilisoma maoni ya kurasa mbili ili nipate pumzi kabla sijaanza, nikakuta kila mtu ameandika neno moja: pazuri. Pazuri, pazuri, pazuri, mpaka chini. Nikajiambia hawa watu wa mazoezi hawana lugha. Siku ile ya kwanza nilifika jiwe la kwanza, nikakaa, nikarudi. Safu ya maoni niliiacha wazi.

Mwezi wa nne mvua ilikuwa inanyesha karibu kila alfajiri. Majani yalifika magotini na mawe yaliteleza, lakini jua likitoka unaliona ziwa lote hadi visiwani. Jumamosi moja nilijikokota hadi jiwe la nne. Nilikuwa nimevaa kitenge cheusi kwa sababu ndicho kisichobana kovu, kilemba nimekivua kwa joto, na nilikuwa nalia. Sikuwa na sababu mpya. Nililia tu kwa sababu hapo hakukuwa na mtu wa kutoka nje kuangalia kuku.

Wakatokea wanawake wanne na mizigo ya kuni. Jumatano na Jumamosi wanakijiji wanaruhusiwa kuokota kuni kavu mle hifadhini. Aliyetangulia alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Mama Kabula. Aliniona, akasimama, akautua mzigo. Ukitaka kujua uzito wa jambo lile, jaribu kutua mzigo wa kuni katikati ya mteremko. Kuunyanyua tena kunahitaji watu wawili. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakitazama kichwa changu na kitenge changu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Ni mume?"

Ningeweza kueleza. Ningesema hapana, mama, ni titi. Lakini sikuwa na pumzi, na ndiyo ni neno fupi. Nikasema ndiyo. Wale wengine watatu nao wakatua mizigo, wakakaa chini kunizunguka.

Naomba unielewe, maana kama unaumwa hivi utakuwa umeyaona. Habari za ugonjwa wangu zilipoenea, watu wa mtaani walianza kunisalimia wakiwa nje ya geti letu. Walikitazama kifua changu halafu wakatazama pembeni, hawakujua la kusema. Lakini msiba kila mtu anaujua. Unakaa chini na mfiwa, huna haja ya kusema kitu, unaleta chakula, humuulizi kama atapona. Wanawake wale walikaa na mimi nusu saa nzima, mmoja ananishika mgongo. Tangu Krismasi sikuwahi kupata kitulizo kama kile, na nilikipata kwa kumzika mume wangu aliyekuwa nyumbani anatengeneza mizani ya dagaa.

Jumamosi iliyofuata walikuja na michembe. Kama hukukulia kwetu, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani, vikahifadhiwa vya kula wakati wa uhaba. Wanaanika mwezi wa sita na wa saba. Mwezi wa nne ghala linakuwa limebakiwa na vya chini kabisa. Walinifungia kwenye kanga kuukuu, wakasema ni rambirambi yao. Nilikataa kidogo kwa adabu, wakasisitiza, nikachukua.

Makoye aliifurahia mno. Mama yake huko Magu alikuwa akiianika, akaipika yeye mwenyewe kwa karanga, akala sahani mbili na kunikorogea bakuli langu laini. Kwa miezi ile kila chakula kilikuwa na ladha ya misumari kinywani mwangu, lakini michembe ilipita. Akaniuliza imetoka wapi, nikasema kina mama wa mlimani, akaridhika. Nilimtazama akila rambirambi yake mwenyewe na kupangusa sahani kwa kidole. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikafanya yote mawili chumbani.

Halafu ikaja dripu ya tatu. Nilifika mapema nikatandaza kanga kumshikia Mama Sayi nafasi. Saa tatu ikapita. Muuguzi akaliita jina lake mara moja, akaliita mara ya pili, akaliita mara ya tatu. Hakuna aliyeitika. Faili lake likarudishwa chini ya mengine, na mwanamke mmoja akaniomba niondoe kanga akae. Sikuuliza. Pale benchini hatukuwa tunauliza. Nilijua amekufa, na nikiangalia ile chupa inavyodondosha dawa ndani ya mkono wangu nilikuwa na hakika kwamba ndiyo iliyomuua.

Wiki ile kucha zangu ziligeuka nyeusi na ncha za vidole zikafa ganzi. Nikiwa cherehani naunga mshono wa bega, niliona damu kwenye shati jeupe la mtoto wa watu. Sindano ilikuwa imenipita kidoleni na sikuhisi kitu. Nilizima mashine, nikakaa. Fundi asiyehisi kitambaa ni fundi gani? Palepale niliamua kwamba sitarudi kwa dripu ya nne. Sikumwambia Makoye. Nilijiambia akitaka kujua ataona kwenye mizani.

Nilimwambia Mama Kabula tu, kwa njia yangu. Kila Jumamosi tulipokutana jiwe la nne aliniuliza habari za marehemu, kama watu wanavyofanya, ili mfiwa atoe ya moyoni. Nami nilisema. Nilisema aliugua kansa, kwamba alitapika, kwamba kucha zake ziligeuka nyeusi, kwamba aliona haya kuvua nguo mbele ya mkewe. Nilieleza yote niliyoshindwa kuyaeleza nyumbani, nikamsingizia marehemu. Alinisikiliza akitafuna jani la mti. Jumamosi ya mwisho kabla ya dripu ya nne aliniuliza kama marehemu alimaliza dawa zake.

"Hapana," nikasema. "Aliacha baada ya dripu ya tatu. Alichoka."

Alilitema lile jani.

"Na wewe ulikuwa wapi akiacha?"

Nilichukua fimbo yangu nikashuka mapema, na ile Jumapili Makoye aliandika hamsini na nane kwenye kalenda.

Jumatano ya dripu ya nne ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa tano. Msimu wa kununua pamba ulikuwa unakaribia na Makoye alikuwa na mizani ya watu imejaa barazani. Alitaka kunisindikiza, nikamwambia abaki, nimeshaizoea njia. Nilibeba mfuko wangu wa hospitali wenye kanga na chupa ya uji, nikamuaga, nikafika barabarani, nikageuka kulia badala ya kushoto. Nikaandika jina langu kwenye kitabu cha Mzee Luhende, saa moja na dakika kumi, nikapanda.

Yaliyotokea chini nilisimuliwa baadaye. Saa tatu muuguzi aliita jina langu mara tatu. Safari hii hakurudisha faili chini, alichukua simu akampigia Makoye kwa namba iliyoandikwa kwenye kadi. Makoye akatoka mbio na bisibisi mfukoni. Madereva wa bajaji pale kona wakamwambia wameniona naelekea hifadhini. Akafika getini, akasoma jina langu kitabuni, akakuta saa ya kutoka haijaandikwa. Wakati huo Mama Kabula na wenzake walikuwa wanaingia kwa ajili ya kuni. Akawaamkia, akauliza kama njiani huwa wanamwona mama mmoja mwembamba, amenyoa kipara. Wakamjibu kwamba wanamjua sana, yule mjane wa jiwe la nne. Makoye akasema hapana, huyo ninayemtafuta siyo mjane, ni mke wangu. Mzee Luhende anasema mama mmoja alidondosha panga.

Mimi niliona kwanza wanawake wanne wanakuja, na nyuma yao mume wangu anahema, shati limemganda mgongoni. Nilijua yamekwisha. Mmoja wa wale kina mama alinigeuzia mgongo kabisa akatazama ziwa. Mama Kabula alikaa kwenye jiwe mbele yangu, mahali pake pa siku zote.

"Huyu ndiye tuliyemlilia?" akauliza.

Nikasema ndiye.

"Basi aliyeacha dawa baada ya dripu ya tatu ni nani?"

Nilimwona Makoye anaangalia mfuko wa hospitali miguuni kwangu, halafu saa yake, na uso wake ukabadilika. Alikuwa ameelewa. Mama Kabula hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono akamwonyesha Makoye.

"Mimi mume wangu nilimzika mara moja, ikanitosha. Michembe tuliyokupa ilikuwa ya mwisho ghalani. Sina mingine ya kumpelekea huyu."

Nimeshasikia mahubiri mengi, nimeshauriwa na madaktari, na mama yangu alinipigia simu kutoka Muleba kila asubuhi kuniombea. Hakuna neno lililoniingia kama lile. Nilimwona Makoye kwenye mkeka, amezungukwa na watu wasiojua la kumwambia, na kanga yenye michembe iko mbele yake. Mpaka siku ile nilikuwa nafikiria kuchoka kwangu tu.

Makoye hakusema nililolitegemea.

"Michembe gani?" akauliza. "Ile niliyoipika kwa karanga?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kumbe nilikuwa nakula msiba wangu," akasema taratibu. "Ilikuwa mitamu."

Yule mama aliyenigeuzia mgongo ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na wenzake wakafuata, na Mama Kabula mwenyewe akaficha mdomo kwa kanga. Makoye naye alicheka, halafu kicheko kikamgeukia akawa analia, mbele ya wanawake asiowajua, mwanamume wa Magu ambaye kwenye mazishi ya baba yake sikumwona akitoa chozi.

"Sijui kuongea, Mama Koku," akaniambia. Koku ni binti yetu, anasoma chuo Dodoma. "Najua kupima tu. Kila Jumapili naona unaondoka kidogo kidogo, na sijui nani anarekebisha hiyo."

Nikamwambia nimeogopa. Miezi mitano nilikuwa sijalitamka neno hilo kwake. Akasema na yeye. Kisha Mama Kabula akatuambia hayo mengine tutayasema njiani, saa zinakwenda. Walinishusha wakinishika huku na huku, tukapita getini bila kukumbuka kitabu, bajaji ikawa inatusubiri.

Tulifika hospitali karibu saa sita. Muuguzi alinitazama, akamtazama Makoye, akasema dripu ya leo imeshapita lakini damu nitoe, niwe wa kwanza kesho. Hakunigombeza, ila alimwagiza Makoye aandike namba yake mara ya pili kwenye faili, kwa herufi kubwa. Kesho yake asubuhi tulipoingia wote wawili nilikuta mtu ameketi kwenye lile shimo la katikati ya benchi, chupa ya uji mapajani. Alikuwa Mama Sayi.

Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mikono. Akashangaa. Kumbe siku moja kabla ya ile dripu ya tatu alipimwa damu ikawa chini, wakamwambia arudi Misungwi ale maini na mchicha wiki tatu ndipo aendelee, ila faili lake likasahaulika kwenye foleni. Siku yake mpya ilikuwa ile Alhamisi. Nami nilikuwa nimeshamzika, tena bila hata michembe. Kama jirani yako wa benchi hajaitika jina, nakuomba sana, uliza. Nilikaribia kufa kwa sababu niliona aibu kuuliza.

Dripu ya tano ikapita, ya sita ikapita katikati ya mwezi wa sita, wakati vumbi limeanza na asubuhi ni za baridi. Mionzi nilipewa kiangazi chote. Ngozi ya kifua ilikuwa nyeusi na ngumu, nikawa silali. Makoye hakutoka tena nje. Jioni ya kwanza alisimama mlangoni, akasema anaomba aone, nikafungua blauzi. Aliangalia kovu lote kuanzia kwapani, taratibu, kama anavyokagua chombo alicholetewa. Halafu akachukua mafuta aliyopewa na muuguzi akanipaka. Siku zote zilizobaki alinipaka yeye.

Nilipopata nguvu ya kukaa kwenye cherehani nilijishonea titi. Pamba ilitoka kwa mama mkwe Magu, na ndani nikatia mchele wa hukohuko ili lipate uzito, maana la pamba tupu linapanda juu likakaa begani. Lakini mchele kiasi gani? Hilo nilimwachia fundi. Makoye alileta mizani yake ndogo ya dukani, akanipima kulia, akaongeza mchele kushoto kwa kijiko, akapunguza punje chache, akaongeza tena. Alinisimamisha mbele ya kioo. Mabega yalikuwa sawa kabisa. Akaniambia mizani haijawahi kumfurahisha kiasi kile, nikamtania kwamba amesema sentensi nzima. Nimeshawashonea wanawake saba wa benchi lile, na Makoye ndiye anayepima mchele.

Mwezi wa kumi mvua za kwanza zilipogusa udongo, nywele zangu zilikuwa na urefu wa kidole kimoja, laini kama za mtoto. Jumamosi moja tulikwenda mlimani wote wawili. Nilibeba ngata nne nilizozishona kwa vipande vya sare za shule, za kuwekea mzigo kichwani, kwa sababu rambirambi hairudishwi lakini zawadi hakuna anayeikataa. Kina mama walikuwa wanatusubiri jiwe la nne. Mama Kabula alikuwa na sufuria ya michembe mipya kwa karanga. Alisema msiba ule waliuanza na hawakuumaliza, na matanga hayaachwi hewani, ni lazima yaanuliwe. Kwa hiyo tulianua matanga ya Makoye palepale juu ya jiwe, na marehemu ndiye aliyekula kuliko wote. Wale kina mama walipitisha mikono kwenye nywele zangu, mmoja mmoja.

Wao walirudi na kuni zao. Sisi tuliendelea. Jiwe la tano nilikuwa sijawahi kulifikia, na huko kileleni upepo ulikuwa mkali nikashika kilemba kisichokuwepo. La sita na la saba ni mteremko wa changarawe, Makoye alitangulia kwa kurudi nyuma akinishika mikono yote miwili, ule wa kushoto nao ukanyooka bila kuuma. La nane niliketi. Daktari alikuwa ameniambia nitarudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu, na sikudanganyi, hiyo tarehe naiogopa. Nilikaa mpaka pumzi ikarudi. Halafu tukashuka hadi la tisa, na geti likaonekana.

Mzee Luhende alitufungulia kitabu kipya tuandike saa ya kutoka. Kisha akainama chini ya meza akatoa kile cha zamani, akakifungua mahali alipokuwa amekunja pembe ya karatasi. Mwezi wa tano, saa moja na dakika kumi, jina langu. Waliokuwa juu yangu na chini yangu wote walikuwa wametoka.

"Kwa kitabu changu, mama," akasema, "wewe bado uko juu."

Aliniambia hakutaka kuujaza mstari ule mwenyewe, alingoja. Nikachukua kalamu. Vidole vyangu siku hizi vinahisi kalamu, vinahisi hata mfereji wa mstari kwenye karatasi. Niliandika saa ya kutoka, saa tano na robo. Halafu nikafika kwenye safu ya maoni, nikafikiria sana, na mimi ndiye niliyewacheka wenzangu kwamba hawana lugha. Makoye akachungulia begani kwangu. Nikaandika: pazuri.